Chumba cha Ukuta wa Joto

Msicheke mkisikia mstaafu anawaandikia. Najua mmeshaambiwa umri wangu: miaka thelathini na mitatu. Wenzangu hustaafu kwa nyama ya mbuzi, hotuba na shuka jekundu la kuvishwa mabegani. Mimi nilistaafishwa na mapafu. Daktari alinisikiliza kifua, akaniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia nakagua hatari za moto. Akasema kuanzia leo hatari nikaiache kwa wengine. Sasa nalima vitunguu bondeni Mang'ola, ambako kitu pekee kinachowaka ni macho.

Ninyi watatu mliochukua nafasi yangu mmeniuliza mtaanzaje kukagua mtaa ambao gereji, karakana ya mbao, tanuri la mikate na vyumba vya kulala vimebanana kama abiria wa siku ya mnada. Jibu la kitabuni mnalo. Hata mimi nilikuwa nalo. Nilikuja Karatu na shahada yangu na tabia moja mbaya ya kuuliza "umejuaje?" kila ninapoambiwa jambo. Nilimuuliza mhadhiri, nikamuuliza padri wakati wa mafundisho ya ndoa ya dada yangu, na bado sijapona.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Margwe. Kabla ya kuwa mkaguzi alikuwa mpishi wa kambi za watalii, na alijisifu bila kupumzika. Kwa maelezo yake, hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kuwasha moto wa kuni mbichi kwenye ukingo wa kreta, katika ukungu, huku nyati anachungulia, na wageni wakanywa supu ikiwa bado inatoa mvuke. Alikuwa na misemo ya moto mingi kuliko mifuko ya koti lake. Mmoja ulisema paka akihama nyumba, nyumba hiyo itaungua.

Nikamuuliza amejuaje. Akasema babu yake alisema. Basi nikaanza kuwafuatilia paka wa mtaa, mtu mzima mwenye shahada, naita "nyau nyau" nyuma ya nyumba za watu. Ikadhihirika kwamba paka wote walikuwa wamehamia upande mmoja kwa sababu moja: bucha mpya ilikuwa imefunguliwa. Nikarudi nimejaa ushindi. Mzee Margwe hakustuka hata kidogo. Akaniuliza, "Na hiyo bucha, msomi, umeikagua?"

Nikaenda kuikagua. Waya wa friji ulikuwa umeungwa kwa mfuko wa nailoni, na umepata joto la kutosha kukaangia yai. Nilikasirika wiki nzima. Msemo ulikuwa wa uongo na moto ulikuwa wa kweli, na hakuna kitabu kilichoniandaa kwa jambo hilo.

Ila kimoja cha kwake mkishike: ukuta au mlango ukiushuku una joto, uguse kwa mgongo wa mkono, si kwa kiganja. Hilo pia nilimuuliza amejuaje. Akanionyesha kiganja chake, kina kovu kubwa linalong'aa, akasema, "Hiki kikiungua, ugali utaula kwa mkono gani?"

Jambo jingine. Msifanye maonyesho ya mtungi wa kuzimia moto kabla ya kuutazama upepo. Mimi nilifanya, alasiri, pembeni ya barabara ya lami iendayo geti la hifadhi. Nilikuwa nimewakusanya mafundi wa kuchomelea, nikawaeleza vizuri, nikavuta pini, nikabonyeza. Upepo wa Karatu ukachukua unga wote mweupe ukaumwaga juu ya gari la watalii lililokuwa limefunguliwa paa. Wageni wakasimama ndani ya gari, weupe juu ya weupe, wakaanza kupiga picha. Nilimsikia dereva wao akiwaeleza, kwa sauti tulivu kabisa, kwamba huo ni utaratibu wetu wa kumbariki msafiri. Mmoja akanipungia mkono. Nami nikampungia, ningefanya nini?

Sasa nije kwenye lile mlilouliza.

Mkiingia katika ploti, msianze na swali la nini kinaweza kuwaka. Kila kitu kinawaka. Karatu hii ya Julai, kavu na yenye upepo, hata salamu inaweza kuwaka. Anzeni na swali la nani analala wapi. Kisha rudini siku nyingine mkaulize tena. Hilo nililijua katika nyumba ya Mama Akonaay.

Mbele ya nyumba yake kulikuwa na gereji ya kunyoosha bodi za magari ya safari. Kulia, maseremala na vilima vyao vya maranda. Kushoto, tanuri la kuni la Mzee Salim, aliyeoka mikate na skonzi za nusu ya mji. Nyuma ya hao wote, vyumba vya kupanga vya Mama Akonaay vilijipanga mstari mmoja, milango ikitazama ujia mwembamba. Niliuchora mchoro safi: chumba hiki familia fulani, hiki fundi mbao asiye na mke, kile mama na watoto. Nikarudi baada ya muda kuuhakiki. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mahali pake.

Nikajua wananificha wapangaji. Nikamwambia Mama Akonaay, kwa ukali wa mtu mwenye mchoro, kwamba mkaguzi hawezi kufanya kazi na watu wanaohamahama.

"Mwanangu," akasema, "hapa hatuhami. Hapa tunazaa."

Kisha akanieleza. Chumba cha mwisho kinachangia ukuta na tanuri la Mzee Salim. Ukungu unaposhuka kutoka msituni na vidole vinakataa kufunga vifungo, chumba hicho kina joto kama kwapa. Kwa hiyo kila mwanamke wa ua ule akijifungua, chumba ni chake hadi mtoto akaze. Aliyemo anatoka na kitanda chake bila kuombwa, anachukua chumba cha mzazi, na pengine mwingine naye anasogea. Hakuna aliyewahi kuandika sheria hiyo wala kuivunja. Yule fundi mbao alikuwa amehamishwa mara nyingi hadi akakifungia kitanda chake magurudumu.

Nilicheka sana. Halafu nikasema nikione hicho chumba.

Ndani kulikuwa na godoro la sponji limeegemezwa ukutani, na kanga imetundikwa juu yake. Nikaliondoa godoro, nikainua kanga, nikapeleka mgongo wa mkono ukutani. Mkono ukazama. Mahali ambapo palipaswa kuwa na ukuta palikuwa na shimo la duara, pana kama ungo, limechongwa kwa upole, kingo zake laini, na ndani kabisa limebaki ganda jembamba la tofali. Mama Akonaay akawa anatazama dari.

Ilikuwa hivi. Mtoto wake wa mwisho alipozaliwa, Mama Akonaay alikwangua lipu, kidogo tu, ili joto lipite vizuri. Aliyefuata akatoa nusu tofali, kidogo tu. Aliyefuata akasawazisha, maana kazi ya mwenzake ilikuwa mbaya. Kila mtoto wa ua ule alikuwa amekwanguliwa ukuta kidogo tu. Nikagonga pale kwa kidole, na kutoka upande wa pili Mzee Salim akaitikia, "Karibu!"

Nikazunguka kwake. Aliniambia bila wasiwasi kwamba ukuta huo amezoea kuusikia ukiongea. Anawajua watoto wote wa nyumba ile kwa vilio, na mmoja aliwahi kumtambua kuwa anaumwa tumbo kabla mama yake hajajua. Nikarudi chumbani. Kwa juu, karibu na boriti, palikuwa na ufa, na ndani ya ufa niliona wekundu. Silingibodi ya chumbani ilikuwa imeshageuka rangi ya chai.

Hapo kicheko kilinikauka. Hebu pangeni wenyewe. Ukuta umebaki ganda. Nyuma yake moto wa kuni. Mbele yake godoro la sponji. Dirisha la chumba limepigiliwa mbao na misumari ili baridi isiingie. Mlango ni mmoja, unatokea kwenye ujia, na kwenye ujia gereji imepanga madumu ya rangi na thina. Na katika chumba hicho, katika nyumba nzima, ndimo walimomlaza mtu asiyeweza hata kugeuka mwenyewe. Walikuwa wamempa mtoto sehemu bora kuliko zote, na ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote.

Aliyekuwa zamuni ni Naserian. Alitoka Kakesio, alikuwa akiuza maziwa na shanga, na mumewe Saitoti alikuwa fundi wa kuchomelea pale pale gereji. Mimba yake ilikuwa imefika mwisho. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa msimu wa baridi kabla hawajahamia ua ule, katika chumba cha bati tupu, na kifua chake kilipiga filimbi hadi mvua zilipokuja. Safari hii alikuwa ameingojea zamu yake kama mtu anayengoja maji ya kisima.

Tukakaa uani, wote. Nikawaambia nitakachoandika: asilale mtu chumba kile mpaka ukuta ujengwe upya, dirisha lifunguliwe na madumu yahamishwe. Yasipofanyika, nitashauri tanuri lizimwe. Mzee Salim akavua kofia akaiweka gotini. Mama Akonaay akasema nimekuja kuwanyang'anya watoto joto, nipewe chai niende. Mzee Margwe, niliyekuwa nimemleta anisaidie, akaipokea chai yeye.

Naserian hakupandisha sauti.

"Dada, mtoto wako alikohoa lini mara ya mwisho?"

Nikasema sina mtoto.

"Basi nitakuonea huruma, sitakujibu."

Nikawaeleza. Tusibomoe kitu, tujenge ukuta wa pili upande wa chumbani, wa tofali za kuchoma na udongo, mnene, usioguswa na kijiko wala msumari. Wakasema ukuta mnene ni ukuta baridi, hata mbuzi anajua. Nikasema hapana, ukuta mnene unachelewa kupata joto lakini ukishalipata unalitunza.

"Umejuaje?" akauliza Naserian.

Ua mzima ulicheka mpaka fundi mbao akaanguka kwenye maranda. Kumbe tabia yangu ilikuwa imeshanitangulia mtaani. Nikajibu kwa maneno ya darasani, yakatoka marefu na hayakumgusa mtu. Na niwe mkweli, ukuta wa namna ile sikuwahi kuugusa. Niliusoma tu. Nilichokijua kwa hakika ni ule wekundu kwenye ufa.

Mzee Salim ndiye aliyeamua. Alisema yeye haamini kipimo wala mganga, anaamini hamira. Ukuta ujengwe, tanuri liwashwe, na beseni la unga uliokandwa liwekwe chini ya ukuta mpya. Unga ukiumuka, mtoto ataweza kulala. Usipoumuka, mimi nitafute mji mwingine wa kuishi.

Nikakubali, kwa sharti kwamba beseni la pili la unga ule ule liwekwe chumba cha mbali, tulinganishe. Mzee Margwe akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa asiyepona.

Wakajenga. Saitoti alibeba tofali, fundi mbao alishika timazi, Mama Akonaay alikanda udongo kwa miguu, na Mzee Margwe alisimamia kwa kueleza alivyojenga majiko ya kambini. Aliamuru jivu lichanganywe kwenye udongo. Nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Nyamaza, tuko kazini."

Udongo ulipokauka, Mzee Salim akawasha tanuri tangu asubuhi, akaja na mabeseni mawili yaliyofunikwa vitambaa safi, kama mtu anayepeleka posa. Moja ukutani, moja chumba cha mbali. Gereji ikasimama. Maseremala wakazima mashine. Dereva mmoja wa utalii aliyekuja kuchukua gari lake akauliza kuna msiba gani, akaambiwa tunaangalia unga. Akabaki.

Mwanzoni hakuna kilichotokea. Unga ulikuwa unga. Watu wakaanza kunitazama, kisha kutazama njia ya kutokea. Mzee Margwe, kwa nia ya kunitetea, akasema labda hamira imechoka. Mzee Salim akasimama. "Mzee mwenzangu, nitukane mimi. Hamira yangu iache."

Wakati wakitulizana, binti wa jirani akasema kitambaa kimesogea.

Tukasongamana mlangoni. Kitambaa kilikuwa kimeinuka katikati kama kibaraghashia. Kikaendelea kuinuka, polepole, bila aibu, mpaka unga ukachungulia pembeni ukaanza kumwagika sakafuni. Mtu akakimbilia beseni la chumba cha mbali, akarudi nalo: donge limelala kama jiwe la mtoni. Sijawahi kushangiliwa vile, wala sikuwa mimi niliyeshangiliwa. Waliushangilia unga. Mama Akonaay alipiga vigelegele hadi akakohoa, fundi mbao akasukuma kitanda chake ujiani huku kinazunguka, na Mzee Salim akapita akishikana mikono na kila mtu kana kwamba amepata mjukuu.

Naserian hakushangilia. Aliingia, akakaa chini kwa shida, akaegemeza mgongo ukutani, akafumba macho.

"Sawa," akasema. "Ukuta nimeukubali. Dirisha, hapana."

Nikamwambia ukuta bila dirisha ni nusu ya kazi. Mlango ukizibwa na moshi, atatokea wapi? Saitoti alikuwa tayari ameyahamisha madumu ya thina hadi banda la mbele, lakini mlango mmoja ni mlango mmoja. Naserian akaniuliza kama nina akili timamu, kwamba joto lote lile tulilolipika mchana kutwa mbele ya mashahidi nataka litoke dirishani kwenda kuwapasha fisi. Kila mtu akawa upande wake, hata dereva wa utalii. Hata Mzee Margwe alisema, kwa sauti ya chini, kwamba hoja anayo.

Nikakataa kusaini. Nikawapa hadi Ijumaa. Mzee Salim akaenda zake bila kuniaga, na kesho yake nilikula ugali asubuhi, maana skonzi nilikosa uso wa kwenda kuzinunua.

Naserian akajifungua kabla ya Ijumaa, zahanati, salama, mtoto wa kike. Akarudi moja kwa moja kwenye chumba cha ukuta wa joto. Sikuwa na nguvu ya kumzuia, na hata ningekuwa nayo, nani angesimama mlangoni mbele ya mzazi? Ila nilijua Ijumaa nikiandika hapana, tanuri litazimwa, na mtoto yule atabaki amelala kando ya ukuta baridi. Nikiandika ndiyo, nitakuwa nimemfungia ndani kwa sahihi yangu. Niliandaa hotuba. Niliisema njia nzima, mbuzi wakanipisha.

Nilipofika, mlango ulikuwa wazi, umezuiwa na tofali. Naserian alikuwa amekaa kizingitini, uso umelowa jasho, anampepea mtoto kwa mfuniko wa sufuria. Mtoto alikuwa uchi kama kidole, ana kamba moja tu ya shanga kiunoni.

"Umekuja," akasema. "Huu ukuta wako hauna adabu."

Nikauliza umefanya nini.

"Mzee Salim amezima moto asubuhi. Amelala, amekoroma, nimemsikia. Ukuta bado unaendelea. Sasa ni alasiri, unaendelea. Ulisema utatunza joto, hukusema utampika mwanangu."

Hotuba yangu yote haikuwa na kazi tena. Nikaitikia kwa kichwa tu, kama mtu anayesikiliza matokeo ya mitihani. Naserian akageuka upande wa gereji.

"Saitoti! Njoo na koleo. Toa mbao za hili dirisha."

Saitoti akaja ameinua miwani ya kuchomelea juu ya paji la uso. Akanitazama mimi, akamtazama mkewe. "Dirisha? Si juzi ulisema atakayeligusa…"

"Nilisema. Leo nasema toa. Usigonge, vuta. Mtoto anataka kulala."

Akaanza kuvuta misumari, mmoja mmoja, kwa tahadhari ya mtu anayeng'oa meno ya mkwe. Nilitamani kusema kitu. Mnanifahamu, nilitamani kusema vitu vingi. Nikang'ata ulimi, na hilo, wadogo zangu, ni pendekezo zuri kuliko yote niliyowahi kutoa katika kazi hii. Mbao ya mwisho ilipotoka, upepo uliingia chumbani, ukapita juu ya beseni la nepi, ukatokea mlangoni. Naserian akafunga macho, akavuta pumzi, akatoa sauti ndogo ya mtu aliyevua viatu.

Dirisha la kutokea lazima lijaribiwe, hilo mnalijua. Basi nikapanda juu ya kigoda, nikatoa kichwa, mabega, halafu sketi ikanasa kwenye ndoano ya dirisha, nikabaki nusu ndani nusu nje, nikiwatazama kuku wa Mama Akonaay. Mafundi waliacha kazi kwa mara ya pili kwa ajili yangu. Nikasikia mguu wa Naserian ukinigusa nyuma, kwa heshima, kisha bila heshima, nikaanguka nje kwenye maranda.

"Anapita," akawaambia. "Hata mnene anapita."

Nikasaini pale pale, nimesimama nje, maranda kichwani, karatasi nimeiweka kwenye kizingiti cha dirisha. Upepo ulitaka kuichukua. Naserian akanyoosha mkono kutoka ndani, akaikandamiza kwa vidole viwili, mkono wa pili umembeba binti yake aliyekwisha kulala, akaishikilia hivyo mpaka nikamaliza kuandika jina langu.